FOREX: Wewe ni mtu wa dakika, wa siku, wa wiki au wa miezi?

Ukipita Sinza, Mwananyamala, Tandika mpaka Mbagala, vijana kibao stori ni forex tu. Mwingine kaona picha ya jamaa kaegemea gari, mwingine analipia grupu la "signo" kila mwezi. Na swali ni lile lile: "mkakati gani unalipa?" Mimi naona swali hilo limekaa upande. Kwanza jiulize wewe ni mtu wa namna gani, una muda gani na una shilingi ngapi.

Tuanze na msingi. Unakisia kama sarafu moja, mfano euro, itapanda au itashuka dhidi ya dola. Soko linafunguka usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu kwa saa zetu, linafungwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Bei inapimwa kwa pipsi, na kwa euro na dola pipsi moja ni 0.0001. Ukicheza loti ndogo ya 0.01, kila pipsi ni senti 10 za dola. Ishike hiyo namba, tutairudia.

1. MTU WA DAKIKA
Huyu ni kama muuza maji ya baridi kwenye foleni. Faida kiduchu, mara nyingi. Anaingia, anachukua pipsi 5 au 10, anatoka. Inamfaa mwenye maamuzi ya haraka, ambaye akipigwa anasahau na kuendelea. Kama wewe ukifungwa draft hulali mpaka urudishe, hapa utamaliza mtaji siku moja. Halafu kuna spredi, yaani ile tofauti ya bei ya kununua na kuuza ambayo broka anaichukua. Ikiwa ni pipsi 1.5 na wewe unawinda 5, karibu theluthi imeshaondoka. Na umeme ukikatika katikati ya mchezo je?

2. MTU WA SIKU
Huyu ni mama ntilie. Anapika asubuhi, jioni sufuria tupu, anafunga, analala bila deni la chakula. London inaanza kazi saa 4 au saa 5 asubuhi kwetu, New York saa 9 au saa 10 alasiri, inategemea wenzetu wamebadili saa zao au bado. Masoko hayo mawili yakiwa wazi pamoja ndipo bei inachangamka. Inamfaa mwenye ratiba na anayeweza kukaa saa tatu bila kubonyeza kitu. Ukiwa bodaboda au unauza duka, ndio muda wa wateja wako huo. Utakosa huku na kule.

3. MTU WA WIKI
Huyu ananunua mzigo Kariakoo na kuuza taratibu wiki nzima. Chati anaangalia mara moja jioni. Inamfaa mwenye kazi nyingine na roho ya subira, anayeweza kulala huku akaunti inasoma hasara kidogo. Ila kuacha biashara ilale kuna tozo au malipo ya riba kila usiku, inaitwa swapu, na kwa sarafu nyingi Jumatano huhesabiwa mara tatu. Ndugu zetu Waislamu wanaoikwepa riba, kuna akaunti zisizo na swapu, lakini soma vizuri ada nyingine zilizowekwa badala yake.

4. MTU WA MIEZI
Kama mwenye kiwanja Chanika. Kanunua, katulia. Anafuatilia riba za benki kuu na uchumi wa nchi, sio mishumaa ya dakika tano. Anahitaji mtaji mnene na moyo wa jiwe.

SASA MFUKO UNAINGIA
Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tuseme una dola 50 na tabia yako ni ya mtu wa wiki. Biashara ya wiki inahitaji nafasi ya kupumua, labda pipsi 100 kabla hujakubali hasara. Kwa loti ya 0.01 hiyo ni dola 10, yaani asilimia 20 ya mtaji kwa kosa moja! Makosa matano mfululizo, kwaheri. Ile kanuni ya kuhatarisha asilimia 1 au 2 tu kila mara ingetaka angalau dola 500. Ndio maana mwenye mtaji mdogo anajikuta kwenye mchezo wa dakika hata kama hauendani naye.

Usidanganywe na leveraji pia. Ukipewa 1:500, dola 50 zinashika biashara ya dola 25,000. Bei ikisogea asilimia 0.2 tu vibaya, zote zimekwenda. Hata kikomo cha hasara hakiokoi kila mara. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga isipande dhidi ya euro. Bei iliruka ndani ya dakika chache, vikomo vya watu vikarukwa, mpaka broka Alpari wa Uingereza akafilisika. Na mwaka 2018 wasimamizi wa masoko wa Umoja wa Ulaya walisema asilimia 74 mpaka 89 ya akaunti za wateja wadogo kwenye biashara za aina hii hupoteza pesa.

Kingine, ukiambiwa "nipe hela nikuchezee, faida ni uhakika", kumbuka DECI ya kupanda na kuvuna mbegu, iliyofungwa na serikali 2009. Wakenya waliweka kanuni za forex ya mtandaoni 2017, kwa hiyo pale unaweza kuuliza nani ana leseni. Hapa kwetu nenda kaulize BoT au CMSA kabla hujatuma hata mia.

UJIPIME VIPI?
Fungua akaunti ya demo, hailipiwi. Cheza miezi miwili kwa kiasi kile kile ulichonacho kweli, sio dola 10,000 za bandia. Weka daftari, andika kwa nini uliingia, kwa nini ulitoka, na ulijisikiaje. Mwisho hesabu ni mara ngapi ulivunja sheria yako mwenyewe. Ukikuta umevunja kila wiki, mtindo huo sio wako. Na ukikuta yote manne hayakufai, hilo nalo ni jibu. Ada ya chuo au mtaji wa genge utakuwa umeuokoa.

Haya wadau, wewe uko kundi gani? Dondosha maoni hapo chini tuelimishane.