Damu chooni baada ya mionzi ya tezi dume: usikimbilie kusema ni bawasiri

Mwanamume wa Kithimani, Machakos, akienda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, kupigwa mionzi ya saratani ya tezi dume, akimaliza hurudi kwao. Sawa na wetu wa Pwani. Damu ikitokea baadaye, anayemwona ni daktari mwingine, asiyejua habari ya mionzi.

Tezi dume imepakana na utumbo wa mwisho, kwa hivyo mionzi huugusa. Madhara ya mwanzo, kama kuharisha na kubanwa na haja ghafla, huja wakati wa tiba na aghalabu hupoa wiki chache baada yake. Mengine huanza miezi au hata miaka baadaye: vijishipa dhaifu huota utumboni vikavuja damu.

Hivyo, kabla ya kupimwa, sema ulipigwa mionzi na lini. Kukata kinyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa utumbo huo kwaweza kuacha kidonda kisichopona, hata tundu. Lakini usinyamaze kwa kuona haya: damu yaweza pia kuwa ya saratani ya utumbo, na kipimo cha kamera ndicho kitakachoonyesha.

Damu kidogo mara nyingi hukoma yenyewe. Ikizidi, kuna dawa ya sukralfeti inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, au vijishipa huchomwa kwa kutumia gesi ya agoni.

Karatasi za mionzi zitunze. Nenda nazo kila hospitali.