Nauza nyumba Katuba

Watu wa Katuba, komini ya hapa Lubumbashi, hawakuzoea kununua nyumba, wamezoea kujijengea. Komini yenyewe ilizaliwa hivyo. Zama za Wabelgiji, karibu na mwaka 1950, familia zilipewa parseli na mkopo wa vifaa, zikapandisha kuta zenyewe, kwa mpango ulioitwa kwa jina la kamishna Grévisse. Kule Ruashi ilikuwa tofauti: OCA, ofisi ya kikoloni iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga nyumba na kuwakabidhi watu zikiwa tayari. Kazi yangu mimi ni kuwauzia nyumba za tayari wajukuu wa wale waliojijengea.

Wanakuja na macho ya fundi. Mzee mmoja alishuka garini, hata sebuleni hakuingia. Aliokota tofali lililobaki nyuma ya ukuta, akaligonga kwa jingine, akatega sikio. Hapa Lubumbashi tunachoma matofali ya udongo wa kichuguu. Lililoiva hulia kwa sauti kali, bichi halilii. Aligonga tena, akaridhika. Kisha akanigeukia: "Binti, karatasi iko?"

Swali hilo nalipenda kuliko yote. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Mkongomani hupewa haki ya kudumu ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili tu. Mkataba mliotia sahihi mbele ya mashahidi, hata ukigongwa muhuri wa karchie, yaani ofisi ya mtaa, haukufanyi wewe kuwa mwenye parseli. Ndiyo maana utakuta parseli moja ina wanunuzi wawili, kila mmoja ameshika karatasi yake, wote wanalia. Basi mteja wangu namwambia aende mwenyewe kwa msajili wa hati, asome jina lililoandikwa kwenye cheti, ndipo alete akonti, yaani malipo ya kwanza.

Maneno hayo yananigharimu. Sisi wauzaji tunaishi kwa komisheni, nayo hutoka akonti ikishaingia. Mteja akichunguza mwezi mzima, mwezi mzima nyumbani kwangu tunabana matumizi, na mkubwa wangu kila asubuhi anauliza yule mtu amefikia wapi. Hata hivyo, kupokea dola za mtu ambaye hajaona cheti naona ni dhambi. Wengi wa wateja wangu wanafanya kazi migodini, Kolwezi au Fungurume, kwa mikataba ya muda. Wazazi wao wanakumbuka mwaka 2003, kampuni ya migodi Gécamines ilipowaondoa kazini zaidi ya watu 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kwa hiyo kabla hatujapanga malipo ya kila mwezi, namwuliza mteja mkataba wake wa kazi unaisha lini, kisha napigania malipo ya mwisho yaangukie kabla ya siku hiyo. Ofisini wanataka muda mrefu zaidi, kwa sababu malipo ya mwezi yakionekana mepesi, nyumba inauzika haraka. Lakini mkataba ukiisha huku deni bado lipo, nani atalipa?

Na anayetafuta nyumba akiwa mume, anayekata shauri ni mke. Mume yuko mgodini, mke anakuja na dada yake na mama mkwe, wanapita sebuleni bila kusimama, wanaenda moja kwa moja jikoni. Mama mmoja alinyoosha mikono yote miwili ikagusa kuta. "Yaya, umeme ukikatika, mbabula nitaiweka wapi? Na bukari ya watu kumi nitasongea wapi?" Michoro yetu ina jiko la ndani, dogo, lililopangwa kwa umeme. Umeme nao unakatika mara kwa mara, na moshi wa makala ya mbabula ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Niliandika maneno ya mama yule kama alivyoyasema, nikampelekea mhandisi pamoja na mchoro wangu wa penseli: paa la bati nyuma ya nyumba, nguzo nne, sakafu ya saruji, ukuta mmoja wa kuzuia upepo. Amejibu kwamba bei itapanda. Ipande. Nimemwomba anipigie hesabu itapanda kiasi gani, ili mama akirudi nimwambie.