Mama wa Makamo na Akiba ya Uzeeni

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hiyo tulifundishwa tangu chuoni tulipokuwa tukisoma juzuu, tukaikuta tena shuleni, na leo twaisema majukwaani. Hata hivyo, tukiwatazama akina mama wa makamo katika vijiji vya pwani yetu ya Tanga, yaani wale waliokwisha kuvuka miaka arobaini, tunaona jambo la kutia uchungu. Wafanyao kazi nyingi kuliko wote ndio aghalabu wasio na akiba hata kidogo iliyoandikwa kwa majina yao.

Jambo hili si geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wachapa kazi wakubwa wa nchi hii, na kwamba hata sikukuu haziwapumzishi. Miaka mingi imepita tangu hapo. Jasho limeendelea kuwatoka, lakini swali la nani atawatunza nguvu zitakapokwisha bado halijapata jibu la kuridhisha.

Tuchukue kilimo cha mwani kiwe mfano. Kilimo hiki cha biashara kilishika mizizi Zanzibar tangu mwaka 1989, kikaenea hata pwani ya bara, ikiwamo Wilaya ya Mkinga, na wanaokifanya wengi wao ni wanawake. Saa zake hazifuati kengele ya ofisi, zinafuata mwezi. Bamvua likiingia, maji hutoka mbali, na akina mama huteremka kufunga mbegu na kuvuna. Maji mafu yakija, hubaki nyumbani kusuka ukili, kushona, au kukaanga vitumbua vya kuuza. Kwa mwanamke wa makamo, ambaye aghalabu anamuuguza mzazi na kulea wajukuu, kazi ya namna hii ina manufaa makubwa, kwa kuwa inampa nafasi ya kupanga siku yake mwenyewe.

Tunapenda kusisitiza hapa kwamba kazi ya saa za kubadilika si nusu ya kazi. Wako wanaoiita shughuli ndogondogo za akina mama, kana kwamba ni mchezo wa kupitisha muda. Mtu anayesimama ndani ya maji ya chumvi kwa saa nyingi, mgongo umepinda, hachezi. Walakini kazi hii ina upungufu mmoja mkubwa. Haina mwajiri wa kuchangia pensheni, haina likizo ya ugonjwa, wala haina kiinua mgongo. Tena bahari yenyewe imebadilika. Mwani wa aina ya cottonii, wenye bei nzuri zaidi, haustahimili joto la maji kama spinosum, na katika sehemu nyingi umekuwa ukifa. Basi kazi inayomlisha mama leo huenda isimlishe baada ya miaka kumi, ama kwa sababu ya bahari, ama kwa sababu ya magoti yake mwenyewe.

Katika moja ya ziara zetu vijijini tulimwuliza mama mmoja wa makamo fedha za mavuno yake ya mwisho zilikwenda wapi. Alizihesabu kwa vidole: ada na sare za mjukuu, unga, deni la dukani, mchango wa arusi ya jirani, na nauli ya kijana wake aliyekwenda mjini kutafuta kazi. Tulipomwuliza, "Na fungu lako, mama?" alicheka, akajibu, "Mimi nina watoto, wanangu." Jibu hilo ni la heshima, nasi hatulibezi. Mtoto ni baraka. Lakini kijana asiye na kazi, mwenye wake na wana, hawezi kuwa pensheni ya mama yake hata akiwa na moyo mwema kiasi gani. Na mama akimtegemea yeye peke yake, wote wawili wataaibika.

Itasemwa kwamba akina mama wana vikoba. Ni kweli, nasi tunavisifu. Sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu limewafundisha wengi uaminifu na hesabu kuliko semina nyingi. Lakini utaratibu wa vikoba vingi ni kununua hisa kila wiki, kukopeshana, kisha mwisho wa mzunguko kuvunja na kugawana. Fedha hizo huondoka na Idi, ada na bati la nyumba, na mzunguko mpya huanza na sanduku tupu. Hiyo ni akiba ya mwaka, si akiba ya uzee. Kadhalika asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake ni msaada mkubwa wa mtaji, lakini mkopo ni deni, na deni halimtunzi mzee.

Rai yetu ni kwamba kila mavuno yagawanywe mafungu matatu kabla ya shilingi ya kwanza kutumika: fungu la matumizi, fungu la mtaji, na fungu la uzeeni lisiloguswa kwa arusi wala kwa msiba. Hesabu yake ni nyepesi. Mama wa miaka 45 amebakiwa na miaka 15 kufikia 60, nayo ni miezi 180. Idadi hiyo ndiyo idadi ya michango inayotakiwa ili mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii apate pensheni, na NSSF huwapokea pia watu waliojiajiri wenyewe. Akitenga shilingi 1,000 kwa siku, ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na kwa miezi hiyo 180 ni shilingi 5,400,000, kabla ya faida yoyote. Anayeanza na miaka 52 atamaliza miezi hiyo akiwa na miaka 67. Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe: umri wa makamo ndio mlango wa mwisho ulio wazi.

Fungu hilo liandikwe kwa jina la mama mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki mali yake. Dini nayo ilikwisha kumpa haki hiyo zamani, na kila aliyesoma mirathi anajua kwamba fungu la mjane mwenye watoto ni thumuni tu. Asiyejiwekea chake asiitegemee thumuni imtoshe. Tukumbuke pia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983. Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na hukumu hiyo imewafaa wanawake wengi. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia fungu, kwa kuwa Mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe kwa ajili ya biashara zilitumika visivyo. Sheria humfungulia mtu mlango, bali kuingia na kupanga vitu ndani ni juu yake mwenyewe.

Mzigo huu hata hivyo usiwe wa akina mama peke yao. Afisa anayekwenda kijijini kuandikisha wanachama saa nne asubuhi, siku ya bamvua, asishangae kukuta mkeka mtupu. Walengwa wake wako baharini. Na aitazame kalenda ya mwezi kabla ya kupanga safari. Viongozi wa mashina na matawi, nasi tukiwamo, tuliweke jambo hili katika ajenda badala ya kungoja siku ya vitenge na nyimbo. Na waume wakubali kwamba fungu la uzeeni la mke si fedha ya kuazima nyavu zinapochanika.

Mama huyo wa mwani tulimwacha ufukweni akikunja kamba zake. Alituuliza, kama anaanza leo, je, amechelewa? Tulimjibu kwamba hajachelewa, ila bamvua lijalo asilipitishe bure. Jibu hilo tunawapa akina mama wote wa umri wake.