Usafi wa Jiko la Hoteli (4): Moto Tunauamini Kupita Kiasi

Msiba wa Kisiwa Panza, Pemba, mwanzoni mwa Machi 2024, ulipita magazetini kama habari ya kusikitisha ya kisiwa cha mbali: watoto wanane na mtu mzima mmoja wamefariki, wengine 78 wamelazwa, chanzo ni nyama ya kasa. Pemba hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuzika watu saba kwa sababu hiyo hiyo mwaka 2021. Kila mara swali la kwanza barazani ni moja: kwani nyama haikuiva? Kuiva hakungesaidia kitu. Sumu ya kasa, ambayo wataalamu wanaihusisha na vitu anavyokula baharini, haivunjwi na moto, uchemshe kutwa au ukaange mpaka ikauke. Hakuna jiko la hoteli hapa Shangani, Mtwara, linalopaswa kuwa na kasa, maana sheria inakataza kumvua. Lakini swali lile la kuiva ndilo linaloendesha majiko yetu yote, kuanzia kwa mama lishe wa ufukweni hadi hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani. Wasomaji waliofuatana nami tangu makala ya kwanza watakumbuka kwamba maji, mikono na vyoo tumekwisha kumalizana navyo. Leo nataka kuushtaki moto.

Imani yetu kwa moto haikuzuka bure. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sijui kama serikali yoyote ya Afrika imewahi kulifundisha taifa lake darasa la afya kubwa kuliko lile, na inauma kwamba vijana wetu hawalisomi hata katika historia. Mwaka uliofuata, 1974, kipindupindu kilichoanzia Indonesia mwaka 1961 na kuingia Afrika mwaka 1970 kiliripotiwa kwetu, na kufika 1977 kikawa janga. Wito wa kuchemsha maji na kula chakula cha moto ukaokoa watu wengi, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu na vya taifodi hufa kabisa chakula kikifika nyuzi 70 mpaka ndani. Ni kweli tupu. Ila ni nusu ya somo, na nusu ya pili hatukuipata: wapo bakteria ambao moto unawaua wenyewe, lakini kazi waliyoifanya kabla ya kufa inabaki palepale ndani ya sufuria.

Mchukue jodari. Yeye, pamoja na nguru, vibua na dagaa, ana katika nyama yake kitu ambacho bakteria wakikipata kwenye joto hukigeuza kuwa histamini. Samaki akiwa hai hakuna tatizo. Akifa na kulala chini ya mashua amefunikwa gunia, halafu akashuka mnadani, akazungushwa na mchuuzi, akafika jikoni saa saba mchana, bakteria wamekwisha kupata asubuhi nzima ya kazi katika joto la Mtwara. Kumkaanga hakuondoi histamini, kumgandisha hakuiondoi, ndimu haiiondoi. Mlaji anaona uso umemwiva, ngozi inawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mara nyingine tumbo linafuata, na haya yote huanza dakika chache tu baada ya kula au katika saa ya kwanza. Tunamwambia ana aleji ya jodari. Huenda hana aleji yoyote, amelishwa samaki aliyechelewa. Tena kipimo tunachojivunia watu wa pwani, cha kufunua matamvua na kunusa, hapa hakitoshi, kwani samaki anaweza kuwa na histamini ya kumlaza mtu na asinuke hata kidogo. Wengine husema alikuwa mkali ulimini kama ametiwa pilipili. Kiwango ambacho Codex, chombo cha viwango vya chakula duniani, kinaruhusu ni miligramu 200 kwa kilo ya samaki, na hakuna pua inayoweza kupima hilo.

Hapa ndipo wazee wa pwani hii wanapotuaibisha. Hawakuwa na neno bakteria, lakini waliogopa kuchelewa. Samaki ambaye hataliwa siku ile hakusubiri kesho: alipasuliwa mgongoni, akatolewa matumbo, akasuguliwa chumvi na kuanikwa jua likiwa bado kali, au akabanikwa juu ya moshi. Ng'onda huyo ndiye aliyebebwa kutoka Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma akapanda mpaka Newala, ambako hata maji ya kunywa yalikuwa ya taabu. Chumvi huvuta maji kutoka katika nyama, na bakteria akikosa maji hawezi kuzaana. Ndiyo siri yote. Biashara hiyo ilivuka bahari. Majahazi ya Uarabuni yaliyoshuka na kaskazi yalileta papa mkavu mpaka Unguja, na wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 hawakuchoka kulalamikia harufu yake, wakati wao wenyewe meli zao zilijaa mapipa ya nyama ya chumvi. Bado mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alikuwa katika jahazi la Kuwait lililofika delta ya Rufiji kutafuta boriti, na watu wa majahazi yale walikaa miezi baharini bila jokofu. Ibn Battuta, aliyeshuka pwani hii mwaka 1331 hadi Kilwa, alisimulia meza ya Mogadishu: wali wa samli, na pembeni ndimu na pilipili za achari zilizotiwa chumvi. Kwa kawaida tunaisoma habari hiyo kama sifa ya ukarimu. Mimi naiona pia kama habari ya watu walioelewa kwamba katika nchi ya joto chakula kina saa zake.

Sisemi hoteli zetu zirudi kwenye ng'onda, ingawa zikirudi sitalia. Ni aibu kwamba mgeni anaweza kukaa wiki nzima Mtwara asiwekewe ng'onda wa nazi mezani, kama kwamba ni chakula cha kufichwa. Wala ng'onda si malaika. Samaki aliyechelewa ukimtia chumvi unaihifadhi histamini yake pamoja naye, na yule bakteria wa vidonda vya mikononi, stafilokokasi, huvumilia chumvi kuliko wenzake. Hoja yangu ni kwamba wazee walipanga kazi yao kwa kufuata saa, nasi tunapanga kwa kufuata moto. Tukachukua jokofu, tukalifanya mahali pa kuahirishia: samaki anagandishwa, anayeyushwa mezani kwa sababu mteja ametajwa, mteja haji, anarudishwa.

Wali nao una kesi yake. Katika Uingereza ya miaka ya 1970 walaji wa migahawa ya Kichina walianza kutapika saa chache baada ya kula wali wa kukaanga. Uchunguzi ukamwangukia Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Wapishi walikuwa wakipika wali mwingi usiku na kuuacha nje hadi kesho, kwa kuwa wali wa jokofuni hushikana mabonge na haukaangiki vizuri. Usiku ule mbegu ziliota, bakteria wakazaana, wakatoa sumu ambayo kikaango cha asubuhi hakikuiweza. Bakteria anayegawanyika kila dakika 20 akianza mmoja, baada ya saa nane ni zaidi ya milioni 16. Kiporo cha nyumbani kilicholala katika sahani moja kina hatari yake, lakini sufuria la hoteli la kilo kumi ni jambo jingine, maana katikati yake linakaa vuguvugu usiku kucha hata chumba kikiwa na ubaridi.

Kuna watakaosema barafu ni ghali na umeme unakatika. Ni kweli, na nawapa haki yao nusu. Mkoa ambao gesi yake iligunduliwa Mnazi Bay tangu 1982 haukupaswa kuwa na mvuvi anayekwenda baharini na deli tupu, na wanaopanga bajeti waulizwe hilo kabla ya mama lishe. Lakini kupika kidogo asubuhi na kidogo mchana hakuhitaji umeme, wala kuugawa wali katika sinia pana upoe upesi. Wengine wataonyesha vyeti vya afya vya wapishi vilivyotundikwa ukutani. Vyeti ni vizuri, ila tumkumbuke Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka 1907 kuwa amebeba taifodi bila kuugua hata siku moja. Vyakula vyake vya moto havikuwa ndiyo shaka kubwa. Alishukiwa zaidi kwa aisikrimu ya mapichisi mabichi aliyoikata kwa mkono. Kwetu aisikrimu hiyo inaitwa kachumbari, nayo inakatwa kila siku juu ya ubao uleule uliopasuliwa samaki, na kisu kimefutwa tu kwa kitambaa kinachofutia meza.

Ukaguzi nao umebaki na macho ya zamani. Tangu Julai 2019 kazi ya usalama wa chakula ilihama kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS), na maafisa afya wa halmashauri wanaendelea kupita mlango kwa mlango. Wanatazama vigae, makoti meupe na mapipa ya taka, vitu vinavyoonekana. Ningependa mkaguzi anayeingia jikoni Shangani aulize kwanza samaki huyu alifika saa ngapi na alikaa wapi tangu hapo, kisha achomeke kipimajoto katikati ya sufuria: chini ya nyuzi 5 au juu ya 60, la sivyo aanze kuhesabu saa. Mwenye hoteli hana haja ya kumsubiri. Kipande cha chaki kinatosha kuandika kwenye mfuniko saa chakula kilipoepuliwa, na kikipitisha masaa mawili bila moto wala barafu kisiuzwe, hata kama mteja wa basi la Masasi amekwisha kukaa mezani na kunawa.