KASI YA KISHIKWAMBI: Nani anafaidika, muuzaji au mnunuzi?

Wafanyabiashara wa vifaa vya elektroniki katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga mjini na Kahama hadi Katoro na Geita, wanafahamu vyema kuwa kishikwambi cha mtumba huuzwa kwa mambo matatu: sura yake, muda wa betri yake na kasi yake. Sura mnunuzi anaiona kwa macho. Betri ina bei yake na fundi wa kuibadilisha yupo. Kasi ndiyo yenye maneno mengi, kwa sababu inaweza kuongezwa na fundi mwenye kompyuta na waya bila kufungua hata skrubu moja.

Ukurasa huu, ambao kwa kawaida hushughulika na pamba, mpunga, mifugo na dhahabu, wiki hii unaitazama bidhaa hiyo kwa jicho la mwenye mtaji mdogo. Swali ni moja tu: je, kishikwambi kilichoongezwa kasi kinastahili kulipiwa bei ya juu? Jibu, kama hesabu zitakavyoonyesha hapa chini, ni hapana. Hata hivyo, katika ufundi huo huo ipo sehemu yenye faida ambayo wauzaji wengi hawaitangazi.

Kazi yenyewe ikoje

Vishikwambi vingi vilivyoko sokoni huendeshwa na Android, na Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux. Kerneli ni ile programu ya ndani kabisa inayokaa kati ya mashine na programu nyingine zote. Ndiyo inayoiambia prosesa iende mwendo gani na ipewe umeme kiasi gani.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, na leseni yake inamtaka kila anayeisambaza atoe pia msimbo wake. Kwa sababu hiyo mafundi wa nje ya viwanda waliweza kuichukua kerneli ya kishikwambi fulani, kubadilisha jedwali la mwendo na umeme, na kuirudisha kwenye kifaa. Mtambo uliopangwa kwenda gigahezi 1.2 ukaanza kwenda 1.5 au zaidi.

Kabla ya hapo lazima kifaa kifunguliwe kufuli ya kiwandani na, mara nyingi, kirutiwe, yaani mwenye nacho apewe mamlaka yote juu ya mfumo. Hatua hizo mbili ndizo zenye gharama iliyojificha, nasi tutazirudia.

Mifano mitatu ya soko la nje

Mwezi Novemba 2010 kampuni ya vitabu ya Barnes & Noble ya Marekani ilitoa Nook Color, kifaa cha kusomea vitabu chenye kioo cha inchi 7, kwa Dola 249. Prosesa yake ilipangwa kwenda megahezi 800. Baada ya muda mfupi wapenzi wa ufundi walikigeuza kuwa kishikwambi kamili cha Android na kukipeleka hadi megahezi 1,100. Hapo faida ilionekana, kwa sababu kifaa kilikuwa cha bei ndogo na mwendo wa awali ulikuwa mdogo kweli.

Mfano wa pili ni HP TouchPad. Ilianza kuuzwa Marekani Julai 1, 2011 kwa Dola 499 kwa ile ya gigabaiti 16. Ilipofika Agosti 18 mwaka huo huo HP ilitangaza kuachana nayo, na bei ikaporomoka hadi Dola 99. Waliozinunua kwa bei ya kutupa walipata Android mwezi Oktoba kupitia mradi wa CyanogenMod, na wengi wakaongeza mwendo kutoka gigahezi 1.2 hadi 1.5 bila matatizo makubwa. Sababu haikuwa uchawi: HP yenyewe ilikuwa na toleo jingine la TouchPad lililotoka kiwandani likienda gigahezi 1.5. Prosesa ilikuwa na nafasi iliyoachwa makusudi.

Mfano wa tatu ndio wenye fundisho kubwa kwa mnunuzi. Nexus 7 ya Google, iliyotengenezwa na Asus, ilitangazwa Juni 2012 kwa Dola 199. Baada ya miezi kadhaa ya matumizi wengi walilalamika kuwa imekuwa nzito. Baadhi yao waliweka kerneli za kuongeza mwendo wa prosesa, na uzito ukabaki. Kumbe sehemu kubwa ya tatizo haikuwa prosesa bali ghala la ndani la kuhifadhia data, ambalo lilizidi kuchelewa kadiri lilivyoandikwa na kufutwa. Android 4.3, iliyotoka Julai 2013, ilileta utaratibu wa kulisafisha ghala hilo kila mara, na vifaa vingi vikapata nafuu bila prosesa kuguswa.

Kwa maneno mengine, watu waliongeza nguvu mahali ambapo hapakuwa na upungufu.

Karasha nayo ina kikomo

Wenye karasha za kusaga mawe ya dhahabu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Pipa la karasha lenye kipenyo cha mita moja likizungushwa zaidi ya mara 42 hivi kwa dakika, gololi hugandamana na ukuta wa pipa na kuzunguka nalo badala ya kuanguka juu ya mawe. Mashine inanguruma, mafuta yanakwisha, na mawe yanabaki mawe. Ndiyo maana karasha huendeshwa kwenye asilimia 65 hadi 75 ya mwendo huo wa kikomo, yaani kati ya mizunguko 27 na 32 hivi kwa dakika.

Prosesa nayo ina kikomo chake, isipokuwa adui yake ni joto. Umeme unaoliwa na prosesa hukua sawa na mwendo, lakini hukua kwa mraba wa volti. Tuchukue mfano wa hesabu: fundi anaongeza mwendo kutoka gigahezi 1.2 hadi 1.5, yaani asilimia 25, na ili prosesa isigome anaongeza volti kwa asilimia 10. Ulaji wa umeme unakuwa 1.25 mara 1.1 mara 1.1, sawa na 1.51. Kwa kasi ya robo zaidi, prosesa inakula umeme nusu zaidi, na umeme wote huo unageuka joto.

Kishikwambi hakina feni. Watengenezaji wengi huandika kuwa vifaa vyao vitumike kwenye hali ya hewa isiyozidi nyuzi joto 35. Mchana wa kiangazi Shinyanga, chini ya bati la kibanda, kiwango hicho hakiko mbali hata kabla ya kifaa kuwashwa. Aidha, betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Zikifanyiwa hivyo mara kwa mara huchoka mapema, na nyingine huvimba na kusukuma kioo.

Vifaa vya miaka ya karibuni vina kinga: prosesa ikipata joto kali hujipunguzia mwendo yenyewe. Mnunuzi aliyelipia gigahezi za ziada huzipata kwa dakika chache, kisha kifaa hurudi chini ya mwendo wake wa zamani ili kupoa. Amelipia kasi na kupewa joto.

Hesabu ya dukani

Tuweke mfano wa mfanyabiashara mwenye vishikwambi 10, kila kimoja amekinunua kwa Sh 150,000. Fundi anamtoza Sh 20,000 kwa kimoja kukiongezea kasi, naye anatarajia kuuza kwa Sh 40,000 zaidi ya bei ambayo angeuza bila kazi hiyo. Nyongeza ya faida ni Sh 20,000 kwa kimoja, jumla Sh 200,000. Inapendeza.

Lakini vifaa viwili tu vikifia mikononi mwa fundi, au vikarudishwa na wateja kwa kuzimika ovyo, amepoteza Sh 340,000 za mtaji na gharama, na zile nyongeza nane zilizobaki zinamletea Sh 160,000 tu. Anabaki na pengo la Sh 180,000, mbali na jina la duka. Biashara ambayo makosa mawili kwa kumi yanaigeuza kuwa hasara si ya kumshauri mwenye mtaji mdogo.

Pia kuna suala la waranti. Kwenye vifaa vya Samsung vyenye mfumo wa Knox, ulioanza mwaka 2013, kuweka kerneli isiyo ya kiwanda huchoma alama ya kudumu ndani ya kifaa ambayo haifutiki hata programu ya awali ikirudishwa. Kadhalika, programu nyingi za benki hukataa kufunguka kwenye kifaa kilichorutiwa, kwa kuwa mwenye mamlaka yote ya mfumo, au mdudu aliyejipenyeza kwa mlango huo, anaweza kusoma yasiyomhusu. Kwa mnunuzi wa dhahabu ambaye fedha zake hupita kwenye simu na kishikwambi, hiyo pekee ni sababu ya kutosha ya kukataa.

Kazi ya mnunuzi inadai nini?

Tangu soko la madini la Geita lilipozinduliwa Machi 17, 2019, na masoko mengine yakafuata, biashara ya dhahabu katika ukanda huu imekuwa ya mizani, kipimo cha ubora na bei ya dunia. Bei hiyo hutangazwa kwa Dola kwa aunsi, na aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1035. Tukichukua bei ya mfano ya Dola 2,000, gramu moja ya dhahabu safi inakuwa Dola 64.30, na mzigo wenye ubora wa asilimia 90 unakuwa Dola 57.87 kwa gramu kabla ya makato.

Hesabu hiyo haiichoshi prosesa yoyote iliyotengenezwa miaka 15 iliyopita. Anachohitaji mnunuzi wa dhahabu, wakala wa fedha au mwenye duka la pembejeo ni mtandao usiokatika, kioo kinachosomeka juani, na betri inayofika jioni. Kasi ya ziada haimpi hata kimoja kati ya hivyo, na betri inaipunguza.

Sehemu yenye faida

Sasa tuje kwenye ile sehemu isiyotangazwa. Fundi anayejua kupandisha mwendo anajua pia kuushusha. Tukipunguza mwendo kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10, ulaji wa prosesa unakuwa 0.8 mara 0.9 mara 0.9, sawa na 0.65 hivi, yaani pungufu ya zaidi ya theluthi. Betri yenyewe haitarefuka kwa kiasi hicho, maana kioo nacho kinakula sehemu yake kubwa, lakini kifaa kinakuwa cha baridi na kinadumu.

Pili, kazi ambayo mara nyingi huleta nafuu inayoonekana haihitaji kerneli mpya kabisa: kufuta mizigo iliyojaa kwenye ghala, kuondoa programu zisizotumika, kurudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani na kubadilisha betri iliyochoka. Kazi hizo hazifungi programu za benki. Duka linaloweza kumwambia mteja kwa uaminifu kuwa kifaa kimesafishwa na betri ni mpya lina cha kuuza.

Tahadhari kabla ya kulipa

Kwa kifaa chenye laini ya simu, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwenda 15090 uhakiki. Waliokuwa sokoni wanaukumbuka usiku wa Juni 16, 2016, pale TCRA ilipozima vifaa bandia, na bidhaa iliyokuwa na bei asubuhi ikawa haina thamani.

Fungua sehemu ya mipangilio inayoeleza kuhusu kifaa na usome toleo la kerneli. Jina la ajabu lisilo la mtengenezaji ni dalili kuwa kimeguswa. Cheza video nzito kwa dakika 20: kikichemka, kikizimika au asilimia za betri zikianguka kwa kasi, kiache.

Aidha, usinunue kishikwambi cha serikali. Vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 baadaye viligawiwa kwa walimu kwa ajili ya kazi, si kwa kuuzwa. Anayekuletea kimoja kwa bei ya chini anakuletea kesi.

Kwa muhtasari, soko la vishikwambi vya mtumba kwenye ukanda wa dhahabu lina nafasi kwa mwenye duka anayeuza kifaa safi chenye betri nzima na hati zake. Kwa vile vinavyosifiwa kuongezwa kasi, mnunuzi asiongeze hata shilingi juu ya bei ya kawaida, na akiweza ashushe. Mwenye duka ambaye tayari anavyo avirudishe kwenye mwendo wa kiwanda kabla ya kuviweka mezani.