Siri ya biashara ya leso imo katika jina

Wataalamu wa biashara wamezoea kuupima mkakati wa mauzo kwa faida ya mwaka mmoja au miwili. Bidhaa ikinunuliwa kwa wingi, mkakati husifiwa. Ikidoda dukani, mkakati hulaumiwa pamoja na aliyeubuni. Kwa maoni yangu, kipimo hiki ni kifupi mno. Uzuri wa mkakati hudhihirika pale mitambo inapobadilika, hati za maandishi zinapobadilika na hata tawala zinapobadilika, nao ungali unawavuta wanunuzi. Mfano wa jambo hili hatuna haja ya kuutafuta ng'ambo. Uko kwetu Mombasa, nao ni biashara ya leso, au kanga kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania.

Historia ya nguo hii yajulikana. Katika karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vilivyokuja kwa majora, wakavikata na kuvishona pamoja hadi vikatosha kuvaliwa. Neno leso lenyewe asili yake ni jina la Kireno la kitambaa cha mkono. Wafanyabiashara walipoona yanayofanywa na wateja wao, wakaagiza nguo pana iliyokwisha kupigwa chapa. Ni muhimu kulitia akilini jambo hili: bidhaa ilibuniwa na mnunuzi, muuzaji akafuata.

Miongoni mwa wafanyabiashara hao alikuwako Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake la Mombasa lahesabu umri wake tangu mwaka 1887. Mapokeo ya biashara hii humtaja yeye kuwa ndiye aliyeanzisha, mapema katika karne ya 20, desturi ya kuandika methali na misemo juu ya leso. Maandishi hayo ndiyo yaitwayo jina la leso. Pamoja nayo iliwekwa alama isemayo "K.H.E. – Mali ya Abdulla".

Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa biashara. Hata hivyo, nionavyo mimi, nguvu yote ya mkakati huu imo katika kuyaweka maandishi mawili ya namna mbalimbali juu ya nguo moja. Alama haibadiliki, kazi yake ni kumhakikishia mnunuzi kwamba nguo hii ni ile ile aliyoiamini mama yake. Jina, kwa upande wake, hubadilika kila mara; kazi yake ni kumfanya mnunuzi ahitaji leso nyingine ilhali ile ya kwanza haijachakaa. Mwenye leso isemayo "Wema hauozi" hawezi kuitumia kumjibu jirani mchongezi. Atakwenda dukani kutafuta isemayo hilo alilo nalo moyoni.

Hapa ndipo isimu inapoufafanulia uchumi jambo. Katika jamii yenye kuthamini staha, si kila neno hutamkika. Leso humwezesha mtu kusema bila kusema. Akiulizwa, atajibu kwamba amevaa nguo tu, na maneno hakuyaandika yeye. Uficho huo ni bidhaa inayouzwa pamoja na pamba. Mtaalamu wa lugha Rose Marie Beck aliliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kuliandikia kwa Kijerumani kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2001.

Sasa tuupime mkakati huu kwa muda. Mtihani wake wa kwanza ulikuwa wa hati. Majina ya awali yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye, elimu ya shule ilipoenea, yakaandikwa kwa herufi za Kirumi. Umbo la maandishi lilibadilika, kazi yake haikubadilika. Mtihani wa pili ulikuwa wa mahali pa kutengenezea. Kwa miaka mingi leso zilipigwa chapa India, Ulaya na Mashariki ya Mbali, kisha viwanda vya Afrika Mashariki vikaingia katika kazi hiyo. Mnunuzi hakushughulika sana na kiwanda kilipo, maadamu rangi haichuji na jina linasomeka. Mtihani wa tatu ndio uliokuwa mkali kuliko yote. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, nguo za kigeni na mitumba zikafurika, na viwanda vyetu vingi vya nguo vikalegea au vikafungwa. Rivatex ya Eldoret, iliyokuwa fahari ya Bonde la Ufa, ilianguka, ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Mtumba uliweza kushindana na gauni na shati, lakini haukuweza kushindana na leso, kwa kuwa hakuna marobota ya mitumba yanayokuja na methali za Kiswahili.

Msomaji mwangalifu atapinga, na ana haki. Atasema kwamba kitenge hakina jina nacho chanunuliwa. Atasema pia kwamba leso hubebea mtoto, hufunikia kitanda, huvaliwa jikoni na hutunzwa bibi harusi, basi ingeuzika hata kama haina neno. Hoja hii ni ya kweli, nayo yatuzuia tusidai makubwa kupita kiasi. Jina halikuliumba soko la leso. Matumizi ndiyo yaliyoliumba. Lililofanywa na jina ni kuitofautisha leso moja na nyingine, na kuifanya nguo ya matumizi ya kila siku iwe pia habari ya wakati. Ndiyo sababu Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani mwaka 2008, haukupita muda kabla ya kuonekana leso zenye picha yake na maneno ya kumpongeza.

Lakini mkakati wowote huoza ukiachwa mikononi mwa wasioujua msingi wake. Mimi binafsi nimeona sokoni leso iliyoandikwa "Ata ukinuna" badala ya "Hata ukinuna", na nyingine ambayo maneno yake, hata uyapange vipi, hayatoi maana. Wauzaji wa namna hii hushindana kwa bei peke yake. Wameliiga umbo la leso wakaiacha roho yake. Anayeuza kwa bei tu atashindwa siku atakapotokea mwenye bei ya chini zaidi, naye hakosi kutokea.

Nayasema haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu maalumu. Kila mwaka hukutana na vijana walioambiwa na wazazi wao, na wakati mwingine na walimu wao, kwamba Kiswahili hakina mkate. Ilhali hapa pana biashara iliyodumu zaidi ya karne moja, na mtaji wake mmojawapo ni sentensi fupi ya Kiswahili iliyopimwa vizuri. Mwenye kuijua sentensi hiyo, akajua inasemwa na nani, kwa nani na kwa nini, ana ujuzi ambao mfanyabiashara anauhitaji, hata kama mfanyabiashara mwenyewe hajaligundua hilo.

Basi napendekeza kazi moja isiyohitaji fedha. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa biashara wakae pamoja, wawatume wanafunzi kwenye masanduku ya nyanya zao. Wanakili majina ya leso, waulize kila moja ilinunuliwa lini, kwa ajili gani, na ilikusudiwa isomwe na nani. Kisha wayapange kwa miaka, watazame yaliyobadilika na yaliyobaki. Watakapomaliza, watakuwa wamejifunza kuupima mkakati wa mauzo kwa macho yao wenyewe, na nyanya zao watakuwa wameulizwa jambo ambalo labda hawajaulizwa na mtu kwa miaka mingi.