Unalipia Nyama au Unalipia Picha? Soma Mfuko wa Chakula cha Mbwa Kabla Hujatoa Pesa

Kama umejenga Bunju, Boko, Chamazi au Mbagala, nina uhakika kuna vitu viwili vilitangulia kabla hata ya mapazia ya sebuleni: geti na mbwa. Huko pembezoni nyumba ya jirani iko mbali, na mlinzi anataka mshahara kila mwezi. Mbwa yeye anataka kula tu. Sasa swali linakuja, ale nini?

Zamani mjadala huu haukuwepo. Ugali wa dona, vichwa vya samaki kutoka Feri, utumbo wa buchani, kazi imekwisha. Leo ukiingia supamaketi unakutana na mifuko inayong'aa, ina picha ya jibwa limenenepa na mnofu mwekundu pembeni. Na hapo ndipo ugomvi unapoingia ndani ya nyumba! Shoga yangu mmoja wa Mbagala alinuniana na mumewe siku mbili nzima kwa sababu ya mfuko mmoja. Kilio chake kilikuwa, "Yaani mbwa ale kuku, sisi tule maharage?" Bwana naye kashikilia kwamba mtoto wa German Shepherd hawezi kukuzwa kwa ugali. Mimi nikawaambia, jamani, leteni huo mfuko tuusome. Picha iko mbele, lakini ukweli uko nyuma.

Nani katangulia kwenye orodha?

Viambato huandikwa kwa kufuata uzito. Kilichoingia kwa wingi ndicho kinachotajwa kwanza. Lakini kaa macho, kuna michezo miwili hapo.

Mchezo wa kwanza ni maji. Kuku mbichi, karibu asilimia 70 ya uzito wake ni maji. Anaandikwa wa kwanza akiwa na maji yake, akishakaushwa kuwa punje anabaki kidogo tu. Ukiona "unga wa kuku" usikunje uso, maji yake yalishatolewa, hivyo kilo kwa kilo una protini nyingi zaidi.

Mchezo wa pili ni kugawanya. Wanaandika mahindi, halafu gluteni ya mahindi, halafu pumba za mahindi, kila moja na nafasi yake. Ukizijumlisha unakuta mahindi ndiyo baba mwenye nyumba, kuku ni mgeni.

Maini, figo na mapafu yasikutishe, maana hata sisi supu ya utumbo tunaigombania. Cha kuogopa ni nyama isiyotajwa mnyama wake.

Toa kikokotoo

Mfuko wa yule bwana ulisomeka hivi: protini 18, mafuta 6, unyevu 10, majivu (yaani madini) 8, nyuzinyuzi 5. Jumla 47. Kinachobaki hadi 100 ni wanga, ambao watengenezaji wengi hawauandiki. Hapo ni 53! Yaani zaidi ya nusu ya mfuko ni ndugu yake ugali, umechongwa vidonge na kuvalishwa suti.

Kisha toa maji. Protini 18 gawa kwa 90, ambayo ni sehemu kavu, unapata asilimia 20. Viwango vya AAFCO, chombo cha Marekani kinachofuatwa na wengi, vinataka angalau asilimia 18 ya sehemu kavu kwa mbwa mkubwa, na 22.5 kwa anayekua, mwenye mimba au anayenyonyesha. Mtoto wao ana miezi minne. Kwa hiyo mume alilipa bei ya heshima na mbwa bado hakutoshelezwa. Mke alicheka, lakini naye nilimwambia asubiri zamu yake.

Angalia pia kalisi, kwa sababu ndiyo mifupa. Anayekua anahitaji angalau asilimia 1.2, na kwa mbwa wa aina kubwa isizidi 1.8. Mwili wa mtoto wa mbwa hauwezi kukataa kalisi iliyozidi, kwa hiyo ukimnyunyizia unga wa kalisi juu ya chakula kilichokamilika unaweza kumharibu miguu kwa mapenzi yako mwenyewe.

Namba peke yake hazitoshi

Mwaka 2007 Marekani na Kanada zilitikisika. Mbwa na paka waliugua figo na kufa, na mamilioni ya makopo na pakiti yakaondolewa madukani. Kisa? Gluteni ya ngano kutoka China ilitiwa melamini. Maabara hupima protini kwa kuhesabu naitrojeni, na melamini imejaa naitrojeni, kwa hiyo namba ikapanda ilhali lishe haipo. Ndiyo maana mimi huangalia na mwenye mfuko. Ukitoka Afrika Kusini, utafute namba ya usajili inayoanza na herufi V, chini ya sheria yao namba 36 ya mwaka 1947. Pia tafuta sentensi inayosema chakula kinajitosheleza, na kwa umri gani. Kama haipo, hicho ni kitafunio.

Ugali nao una kesi yake

Zamu ya mke sasa. Ugali si sumu kwa mbwa. Utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2013 ulionyesha mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni la kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu wa Ulaya. Tatizo ni kwamba dona ina protini kama asilimia 9 tu. Changanya sehemu tatu za unga na moja ya dagaa wakavu, ambao nusu au zaidi ya uzito wao ni protini, unafika 19 hadi 22. Mbwa mkubwa hapo protini anayo, ukiongeza mboga na ini kidogo mara moja moja. Waoshe dagaa, toa chumvi na mchanga. Vitunguu usitie. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha.

Na ile tabia ya "haya mahindi yameota ukungu, wapikieni mbwa," tuiache. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa wanaathirika nayo vibaya sana. Hata vya dukani havina kinga. Mwishoni mwa mwaka 2020 mbwa wengi walikufa Marekani kwa chakula kikavu chenye sumu hiyohiyo. Kwa joto na unyevu wa Dar, kile cha kupimiwa kwa kilo kutoka mfuko uliokaa wazi mimi sinunui. Hakina tarehe, na mafuta yake huchacha haraka.

Bei ya kweli

Usilinganishe mfuko kwa mfuko, linganisha siku. Mfuko wa kilo 10 unaotaka gramu 250 kwa siku unakaa siku 40. Unaotaka gramu 400 unakaa siku 25. Wa bei rahisi unaweza kukugharimu zaidi.

Ushauri wangu kwa wenye nyumba ni huu. Mtoto wa mbwa, hasa wa aina kubwa, mnunulieni chakula kamili cha wanaokua hadi akomae, na kiasi kiingie kwenye bajeti mkiwa mmekaa wawili, isiwe siri ya buti la gari. Akikomaa, mhamishieni dona na dagaa polepole, kwa siku saba hivi, mkimhusisha daktari wa mifugo. Halafu kila wiki mpapase ubavuni. Mbavu uzisikie bila kubonyeza sana, lakini usizihesabu kwa macho. Manyoya yang'ae, choo kiwe kigumu. Hiyo ndiyo lebo ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuichapa.